Kulala hemani kwa hiari: mambo ya kujua kabla ya kutembea katika misitu mikongwe ya Kigoma

Kwa sisi wa Kabanga, Kasulu na Kibondo, neno kambi lina uzito wake. Likitajwa tu, wengi tunafikiria Nyarugusu, Nduta, Mtendeli au Mtabila, mahali ambapo watu walilala chini ya turubai kwa sababu vita viliwafukuza makwao. Ndiyo maana mtu akisema kuna watu wanaolipa fedha ili walale hemani porini na kupanda mlima siku nzima wakiwa na mzigo mgongoni, baadhi yetu hucheka. Nani alipie shida?

Lakini swali hilo lina majibu, na majibu yake yanatuhusu. Mkoa wetu una misitu miwili ambayo watu hutoka Japani, Uingereza na Marekani kuja kuitembea kwa miguu: Gombe na Mahale. Wenyeji wengi wa mkoa huu hawajawahi kukanyaga hata mmoja. Wapo wanaodhani hawaruhusiwi. Wapo wanaodhani gharama kwao ni ile ile ya mgeni kutoka Ulaya. Na wapo wanaouliza kwa nini msitu walioingia babu zao bila kibali leo una lango na askari.

Katika makala hii tunaeleza msitu mkongwe ni nini, kwa nini masharti ya kuutembea ni makali, na mtu wa huku kwetu afanye nini akitaka kwenda. Tumeiandika ili uweze kuihifadhi kwenye simu yako, kwa sababu ukishafika ziwani usitegemee sana mtandao.

Msitu mkongwe ni upi?

Msitu mkongwe si lazima uwe na mti mmoja mkubwa kuliko yote. Ni msitu ambao kwa miaka mingi sana haujafyekwa wala kuchomwa wote kwa pamoja, kwa hiyo una miti ya kila umri: miche, miti ya kati, miti mizee na magogo yaliyoanguka na kuoza. Gogo lililooza si uchafu. Linashika maji kama sifongo, linalisha udongo, na ndani yake wanaishi wadudu wanaoliwa na ndege na wanyama. Ukiondoa magogo yote kwa ajili ya kuni, msitu unabaki umesimama lakini sehemu ya maisha yake imeondoka.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni misitu ya miti iitwayo redwood, katika pwani ya California nchini Marekani. Miti hiyo huweza kuishi zaidi ya miaka 2,000. Mmoja wao, uliopewa jina Hyperion, ndio mti mrefu kuliko yote inayojulikana duniani: una urefu wa takriban mita 116. Huko nako msumeno ulipita. Kati ya msitu wote mkongwe wa redwood uliokuwapo kabla ya ukataji mkubwa wa mbao, imebaki takriban asilimia 5 tu. Hifadhi ya Taifa ya Redwood ilianzishwa mwaka 1968, mwaka ule ule ambao Gombe ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa.

Afrika nayo ina majitu yake, na lililo refu kuliko yote yaliyopimwa liko Tanzania. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba katika bonde moja la Mlima Kilimanjaro kuna mti wa mkukusu wenye urefu wa mita 81.5. Weka minara miwili ya simu ya mita 40, mmoja juu ya mwingine, na bado mti huo utaizidi.

Msitu wetu wa nyanda za juu za Kasulu na Kibondo ni wa aina nyingine. Huu ni miombo: mitundu, mininga na jamii zake, miti inayopukutisha majani kiangazi na kuchipua majani mekundu kabla ya mvua. Haina urefu wa kutisha, lakini hukua polepole. Mninga unaotoa mbao ya kitanda kizuri ulianza kukua kabla ya fundi anayeupasua hajazaliwa. Huko ndiko nyuki wanakopata chakula cha kutengeneza asali ambayo Kibondo inajulikana kwayo.

Gombe na Mahale kwa ufupi

Gombe ni ukanda mwembamba wa milima kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Ni hifadhi ndogo; nchi kavu yake haifiki hata kilomita za mraba 60. Lakini ardhi yake inapanda kwa kasi kutoka ziwani hadi urefu wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika mabonde yenye vijito kuna msitu mzito wa kijani mwaka mzima, na juu kwenye migongo ya milima kuna miombo na nyasi. Eneo hilo lilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943.

Julai 1960 alifika hapo binti wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, Jane Goodall, akifuatana na mama yake. Miezi michache baadaye aliona sokwe akichukua kijiti, akakitia ndani ya kichuguu na kukitoa kikiwa na mchwa. Siku hizo wataalamu waliamini kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza na kutumia zana. Habari hiyo kutoka Kigoma iliwalazimisha kubadili walichokuwa wakifundisha. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, na utafiti alioanzisha unaendelea.

Jambo ambalo halisemwi sana ni mchango wa watu wa vijiji vya jirani. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka watafiti vijana wanne waliokuwa Gombe. Wote waliachiliwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni waliondoka. Waliobaki wakiwafuata sokwe kila siku, wakiandika nani amekula nini na nani amezaa, walikuwa wenyeji wa mkoa huu. Kama si wao, kumbukumbu hizo za zaidi ya miaka 60 zingekatika.

Mahale iko mbali zaidi, kusini mwa Kigoma kando ya ziwa hilo hilo. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985 na ina kilomita za mraba 1,613. Kilele chake, Nkungwe, kina urefu wa mita 2,462. Watafiti wa Kijapani walianza kuwachunguza sokwe wa huko mwaka 1965. Kabla ya hifadhi, Watongwe na Waholoholo waliishi katika milima hiyo, na Nkungwe ni mahali patakatifu kwa Watongwe. Njia nyingi ambazo leo mgeni huongozwa kuzipita zilitembewa na watu hao kwanza.

Hifadhi zote mbili hazizungukwi kwa gari. Ukitaka kuona kitu, unatembea.

Kila msitu una mwenye mamlaka

Watu wengi hupata matatizo kwa sababu wanadhani misitu yote ni sawa mbele ya sheria. Sivyo. Kuna aina nne unazopaswa kuzitofautisha.

Ya kwanza ni hifadhi ya taifa, kama Gombe na Mahale, chini ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA. Hapa unaingia kutembea, kutazama, kupiga picha na kulala mahali palipopangwa. Huruhusiwi kuokota kuni, kuwinda, kuchimba dawa wala kuondoka na unyoya.

Ya pili ni pori la akiba, kama Moyowosi upande wa Kibondo, chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Hapa uwindaji wa kitalii kwa leseni unaweza kuruhusiwa, lakini kuingia, kulisha mifugo au kulima bila kibali ni kosa. Moyowosi ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuorodheshwa chini ya mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, Ramsar. Humo yumo korongo nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo mfano wa kiatu.

Ya tatu ni hifadhi ya msitu ya serikali, inayosimamiwa na wakala wa misitu, TFS, au na halmashauri ya wilaya. Hapa shughuli fulani huruhusiwa kwa kibali na kwa ada.

Ya nne ni msitu wa hifadhi wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu katika ardhi yake, kuunda kamati ya kuusimamia na kutunga sheria ndogo. Mapato yake, yakiwamo ya wageni wanaokuja kutembea, yanaweza kuingia katika mfuko wa kijiji. Aina hii ndiyo iliyo karibu zaidi na sisi, na ndiyo tunayoizungumzia kwa nadra. Tutairudia mbele kidogo.

Kwa nini mafua yako ni hatari kwa sokwe

Sokwe ni ndugu wa karibu wa binadamu kwa damu, karibu kiasi kwamba magonjwa mengi yetu yanampata na yeye. Tofauti ni kwamba yeye hana chanjo, hana zahanati, na mwili wake haujazoea vijidudu vyetu. Mafua yanayokufanya wewe ukose kazi siku mbili yanaweza kumletea yeye nimonia na kumuua.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 1966 ugonjwa unaofanana na polio uliwapata sokwe wa Gombe, wakati ambapo polio ilikuwapo pia kwa watu wa mkoa huu. Sokwe kadhaa walikufa, na wengine walibaki wamepooza mkono au mguu. Baadaye yalikuja magonjwa ya kifua zaidi ya mara moja. Mahale nako, mwaka 2006, ugonjwa wa kifua ulioshabihiana na mafua ulisababisha vifo. Katika kumbukumbu za Gombe, magonjwa ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote cha vifo vya sokwe.

Sasa fikiria kasi yao ya kuzaa. Sokwe jike hupata mtoto wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka 13 hivi, na baada ya hapo huzaa mara moja kila miaka mitano au sita. Gombe nzima ina sokwe wapatao 100. Wakifa watano kwa wiki moja ya kikohozi, pengo hilo halizibiki kwa miaka mingi.

Hapo ndipo yanapotoka masharti ambayo mgeni huyaona kama usumbufu. Unavaa barakoa mbele ya sokwe kwa sababu mate ya anayekohoa husafiri hewani. Unakaa umbali wa mita 10 kwa sababu hiyo hiyo. Unapewa saa moja tu ili sokwe wapumzike na macho ya watu. Mnakwenda kundi dogo. Watoto hawapelekwi kwa sokwe hadi wafikishe umri uliowekwa, maana watoto ndio wanaobeba mafua mara kwa mara. Na ukiwa mgonjwa, hata kama umelipa, sema. Kunyamaza ili fedha yako isipotee ni kuhatarisha maisha ya viumbe ambavyo mkoa mzima unajivunia.

Huruhusiwi pia kula mbele yao wala kutupa ganda la ndizi. Haja kubwa ikikubana msituni, mwambie mwongozaji; atakuonyesha mahali, na kitafukiwa kwenye shimo refu. Kinyesi cha binadamu kinabeba minyoo na vijidudu ambavyo sokwe anaweza kuvipata.

Kwa nini usitoke njiani

Sharti jingine linalowaudhi watu ni kukatazwa kutoka nje ya njia. Msitu ni mpana, mguu mmoja utadhuru nini?

Mkulima anajua jibu tayari. Tazama ardhi ya mlangoni pa zizi la mbuzi, au ya njia ya kwenda kisimani. Imekanyagwa hadi ikawa kama sakafu. Maji hayaingii, yanatiririka juu na kuchonga korongo. Mbegu ikianguka hapo haioti. Mizizi iliyo chini inakosa hewa.

Ndivyo ilivyoupata ule mti wa Hyperion. Tangu ulipogunduliwa mwaka 2006, watu walitafuta mahali ulipo kwa siri na kupita vichakani kwenda kuushika, ingawa hapakuwa na njia. Mti wa redwood, pamoja na urefu wake wote, hauna mzizi mrefu unaoshuka chini. Mizizi yake haiendi mbali kwenda chini bali husambaa pembeni. Miguu ya wageni ilishindilia udongo juu ya mizizi hiyo, mimea ya chini ikafa, takataka na vinyesi vikaachwa. Mwaka 2022 wasimamizi wa hifadhi walifunga eneo hilo na kutangaza kwamba atakayekamatwa anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 na kufungwa hadi miezi sita. Mti uliopona misumeno ulihitaji kulindwa dhidi ya watu waliosema wanaupenda.

Gombe, ambako milima ina mteremko mkali na mvua ni kubwa, njia ya mkato ya mtu mmoja leo inaweza kuwa korongo baada ya masika mawili.

Kutoka Kabanga hadi Gombe

Tuseme uko Kabanga na umeamua kwenda. Kwanza unafika Kasulu mjini, kisha unapanda basi la Kigoma. Anayetoka Kibondo aongeze saa za njiani na aanze alfajiri. Kutoka Kigoma mjini unakwenda Kibirizi, mwaloni kwa boti za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo. Boti hizo hupita mbele ya Gombe na zinaweza kukushusha. Haziondoki kila saa, na ratiba hubadilika kwa hali ya ziwa, kwa hiyo ulizia siku moja kabla. Unaweza pia kukodi boti kwa kikundi, ambayo ni ghali zaidi lakini ni ya haraka. Vyovyote vile, usipande boti iliyojaa kupita kiasi au isiyo na jaketi okozi. Upepo wa Tanganyika hauna huruma kwa mwenye haraka.

Boti ya abiria mara nyingi inakufikisha wakati siku imeshakwenda. Sokwe hutafutwa asubuhi. Maana yake ni kwamba safari ya Gombe kwa mtu wa kawaida ni ya kulala, na hapo ndipo hema linapopunguza gharama. Anayelala kwenye hema lake mwenyewe, akala chakula chake, hutumia fedha kidogo kuliko anayelala kwenye nyumba ya wageni.

Kuhusu malipo: raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi, na ada yao ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mgeni wa nje. Lakini zipo ada tofauti: ya kuingia, ya kuwatazama sokwe, ya mwongozaji na ya kulala. Usiulize bei ya kuingia tu ukadhani umemaliza. Hatuziandiki hapa kwa sababu hubadilika. Wasiliana na ofisi ya hifadhi ya TANAPA mjini Kigoma uambiwe zote kwa pamoja. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu, kama mnavyolipia huduma nyingine za serikali, si fedha mkononi. Beba kitambulisho cha taifa. Bila hicho unaweza kuhesabiwa mgeni.

Shule na vikundi vinavyokwenda pamoja hugawana gharama ya boti na mwongozaji. Mwalimu anayetaka kupeleka wanafunzi aandike barua mapema na aulize umri unaoruhusiwa kwa shughuli ipi. Mtoto asiyeruhusiwa kuwafuata sokwe anaweza bado kutembea hadi maporomoko ya Kakombe au ufukweni.

Kulala hemani bila kujuta

Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Njia zinakuwa kavu. Masika, mteremko wa Gombe unateleza kama sabuni, ingawa msitu unapendeza zaidi.

Beba hema lenye zipu nzima na sakafu yake, mkeka au godoro jembamba, blanketi, tochi, kiberiti kilichofungwa kisiingie maji, na neti kama hema halina wavu. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu. Viatu vipya ni malengelenge. Suruali ndefu na soksi hukulinda na siafu na upupu. Hema liweke mahali ulipoonyeshwa, pasipo na tawi kavu juu yake na pasipo na mkondo wa maji ya mvua. Usiku, kabla ya kuvaa viatu asubuhi yake, vikung'ute.

Chakula kisiwe na shughuli nyingi: unga wa muhogo, maharage yaliyokwisha kuchemshwa, dagaa wakavu, chumvi. Maji ya kijito, hata yakiwa maangavu, yachemshe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo funga vitu kwenye vitambaa au vyombo. Ulichoingia nacho utoke nacho, hadi betri na kifuniko cha soda.

Moto ni wa mahali palipopangwa tu, na katika hifadhi ya taifa huokoti kuni ovyo. Ukiondoka, mwagia maji, koroga majivu, mwagia tena, kisha weka mgongo wa mkono juu yake. Kama unahisi joto, moto bado haujazimika.

Mnyama atakayekusumbua zaidi Gombe si chui, ni nyani. Wamejifunza kwamba begi lina chakula. Hufungua zipu na kupasua hema. Chakula hifadhi ndani ya jengo, usikibebe mkononi, na nyani akikisogelea usishindane naye kwa kuvutana. Sokwe akikukimbilia, usikimbie. Fuata amri ya mwongozaji, simama kando au shika mti na unyamaze. Ziwani, usiingie majini kabla ya kuuliza kama hapo pana mamba.

Kwa Moyowosi, ambako kuna tembo, nyati na simba, hakuna kutembea peke yako kabisa. Huko ni kwa kibali na askari wa uhifadhi mwenye silaha.

Msitu wa kijijini kwetu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jane Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe. Alichoona ni hifadhi ya kijani iliyozungukwa na milima mitupu. Watu walikuwa wamefyeka hadi kileleni kwa sababu walihitaji muhogo na kuni, na udongo ulikuwa unashuka ziwani kila mvua. Ilikuwa wazi kwamba msitu hauwezi kulindwa huku wanaouzunguka wana njaa. Mwaka 1994 ulianza mradi wa TACARE katika vijiji vya karibu, uliounganisha vitalu vya miti, maji, afya, mikopo midogo ya akina mama na mipango ya matumizi bora ya ardhi. Vijiji vilitenga misitu yao, na baadhi ya vilima vilivyokuwa vitupu vimerudisha miti, mara nyingi kutokana na visiki vya zamani vilivyoachwa tu vichipue.

Hilo la visiki ni la kushika. Miombo ina uwezo mkubwa wa kuchipua yenyewe. Si lazima kila mara tununue miche. Mara nyingi kinachotakiwa ni kuzuia moto na mifugo kwa misimu kadhaa.

Tanzania ina sokwe wasiofika 3,000, na wengi wao hawaishi ndani ya Gombe wala Mahale. Wako katika misitu ya Masito, Ugalla na Tongwe, katika ardhi ya vijiji na ya halmashauri. Kwa hiyo hatima yao haiamuliwi langoni mwa hifadhi. Inaamuliwa kwenye mkutano wa kijiji, pale inapojadiliwa nani apewe shamba wapi.

Kama safari ya Gombe bado iko juu ya uwezo wako, anza na msitu ulio karibu. Omba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji na kamati ya maliasili. Nenda na mzee anayejua majina ya miti, na kijana mmoja wa shule mwenye daftari. Beba kamba. Zungusha kamba kwenye shina la mti mkubwa, usawa wa kifua, andika urefu wake na mahali mti ulipo. Mwaka unaofuata rudini. Mtajua kama mti unakua, na mtajua kama bado upo. Kijiji chenye kumbukumbu ya namna hiyo kinakuwa na la kusema mtu anapokuja na msumeno akidai eneo ni pori tupu.

Kabla hujafunga begi, hakikisha mambo haya: unajua msitu unaokwenda uko chini ya mamlaka ipi, una kibali au namba ya malipo, umeulizia boti ya kwenda na ya kurudi, una kitambulisho, barakoa na dawa zako, huna mafua wala kikohozi, na kuna mtu nyumbani anayejua unarudi siku gani. La mwisho ni la muhimu sana. Ukichelewa, huyo ndiye atakayepiga simu ya kwanza.